Mama, Mimi Si Mgonjwa

Fridley, Minnesota
Jumatano, Aprili 9, 2025

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani Chavakali. Natumaini goti lako limepoa tangu uanze kulipaka ile dawa ya kopo la kijani, na kwamba mahindi yamepata mvua ya kutosha kuota. Dada Alice aliniambia umerudi kuimba na kina mama, nikafurahi sana. Mimi ni mzima. Nakuomba usiliruke hilo neno, Mama. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, naenda kazini, na nikipanda ngazi sihemi.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua siku hizi za simu. Sababu ni kwamba simu yako ni ya kijiji kizima. Nikikupigia unaweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza kukusalimu nasikia mjomba akikohoa hapo kando na jirani akiuliza nitarudi lini kuoa. Nikikutumia ujumbe wa sauti, kufikia jioni Mama Griffins ameshausikiliza mara mbili. Haya ninayotaka kukuambia ni ya macho yako peke yako kwanza. Velma wa kanisa letu anasafiri Ijumaa, naye atakuletea barua hii mkononi. Vaa miwani, funga mlango, na uisome hadi mwisho kabla hujamwita mtu.

Nianze na rafiki yangu Griffins, maana ndiye mgonjwa wa kweli. Alipasuliwa Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi na mapema, na kufikia saa saba mchana daktari alitoka akamwambia Joan mkewe kwamba figo mpya imekubali. Wameiweka chini ya tumbo, upande wa kulia. Zile zake mbili za zamani hazikutolewa, zimeachwa humo humo ingawa hazifanyi kazi tena, kwa hiyo sasa ana figo tatu. Neno la kwanza aliloniambia alipozinduka vizuri lilikuwa kwamba hatimaye amenipita kwa kitu. Nilicheka, halafu nikatoka nje ya chumba nikasimama karibu na mashine ya barafu kwa muda, sijui nikisubiri nini.

Kwa karibu miaka miwili, tangu aanze kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, Griffins alikuwa hakojoi ila matone. Jumanne hiyo mfuko wa mkojo ulijaa hata kabla hajafungua macho. Joan aliupiga picha akaituma kwenye kundi la kanisa, na watu wazima na akili zao wakajibu Haleluya. Mimi nimefanya kazi katika nyumba ya wazee miaka sita, nimemwaga mifuko ya namna hiyo isiyohesabika, lakini sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa hivyo. Hata mimi nilishangilia. Siku ya nne alipandwa na homa, wakamrudishia dripu na kuchukua damu kila baada ya saa chache, ndiyo sababu bado yuko wodini hadi leo badala ya kutoka Jumapili. Homa imeshuka sasa. Usimtie Mama Griffins hofu.

Kazi yangu hapo hospitalini ni ndogo, lakini naifanya. Nikitoka kazini saa nane naendesha gari moja kwa moja hadi kwake, navaa barakoa, nanawa mikono, nampokea Joan ili akawaone watoto kule Blaine. Nampaka Griffins mafuta miguuni. Nimemfundisha kukumbatia mto tumboni kabla ya kukohoa, ili mshono usivute. Mara mbili kila alasiri namsimamisha, namfunga lile gauni kwa nyuma ili asiwaonyeshe watu wa Minnesota mambo yake, na tunatembea polepole hadi mwisho wa korido, yeye ameshika ile nguzo ya dripu kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Manesi husema wangetamani kila mgonjwa awe na ndugu kama mimi. Wakisema hivyo natazama chini.

Na wageni, Mama, wageni! Hospitali inaruhusu watu wawili chumbani. Watu wetu wanakuja kumi na wanne. Wanajaa ukumbi wa kungojea na chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati zimefungwa kwa taulo, na Mzee Nahashon, mwenyekiti wa ushirika wetu, anaanzisha wimbo kwa sauti ya chini ambayo si ya chini. Griffins haruhusiwi kula chochote cha nje, kwa hiyo chakula chote kile kilianza kunielekea mimi. Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka.

Kwanza Lynette, ambaye hupika maharagwe ya nazi kwenye kila mkutano, aliniletea maharagwe yasiyo na chumvi hata chembe. Nilidhani amesahau. Kesho yake akaleta mboga, nayo haina chumvi, akasimama kuhakikisha nimemaliza. Halafu vijana wa kanisa wakanizuia nisibebe viti, wakaniambia nikae, nisijichoshe. Halafu Mzee Nahashon akaomba pale ukumbini kwa ajili ya Griffins, na kwa ajili ya daktari, na kwa ajili ya mwenzetu mwingine anayebeba yake kimya kimya, na watu wote wakanyanyua macho wakanitazama mimi, ilhali maombi yalikuwa bado yanaendelea. Nilijiuliza kama nimekonda. Jioni ile nilijitazama kwenye kioo, nikautoa ulimi, nikabonyeza miguu kuangalia kama imevimba. Nilichanganyikiwa hadi nikaanza kuuchunguza mkojo wangu mwenyewe. Ulikuwa mkojo tu.

Kabla sijaendelea ni lazima nikuambie habari za Euphrasie, aliyetoa figo. Ni mama wa Kikongo, ametoka upande wa Masisi, amekaa kambini Uganda miaka tisa kabla ya kuletwa huku. Anaishi hapa Fridley, majengo mawili kutoka kwangu, anapakia vyakula kiwandani, ana watoto wanne. Griffins alimjua kwa kumwona kwenye kwaya tu. Mwaka jana mwezi wa kumi alisikia tangazo kanisani kwamba figo bado inatafutwa, akaenda akapimwa bila kumwambia mtu, na alikuja kutuarifu alipokwisha kukubaliwa. Siku ya pili baada ya upasuaji nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kitini anajisuka nywele. Nilimshukuru kwa maneno mengi, nikamwambia sijui amepata wapi moyo wa namna hiyo. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akaniambia, "Miye niko na mbili, yeye hana hata moya, c'est tout," yaani basi, hakuna zaidi. Kisha akauliza kama huko nje bado kuna baridi. Alitoka hospitalini kesho yake, na Jumapili alikuwa kanisani amekaa, haimbi.

Sasa rudi kwenye yale maharagwe. Jumamosi nilimbana Joan pale kwenye lifti, nikamwomba anieleze kwa nini watu wote wananitendea kana kwamba ninakufa. Machozi yakamlenga. Akaniambia nisijifiche tena, kila mtu anajua. Akasema mwaka jana hospitali iliponikataa, watu walijiuliza kwa nini mtu mzima, mrefu, asiyevuta sigara, akataliwe. Hospitali haikutoa sababu, ilimwambia Griffins tu kwamba sitaweza kuwa mtoaji. Basi watu wetu, ambao nusu yao ni manesi, wakakaa wakapiga hesabu wenyewe, wakafikia kwamba figo isiyofaa kupewa mtu haimfai hata mwenyewe. Wamekuwa wakiniombea tangu mwezi wa tisa. Na Joan alimwambia Mama Griffins, na Mama Griffins, kwa huruma zake, akavuka uzio akakuletea wewe.

Kwa hiyo Jumapili uliponipigia ukilia, na ukaniambia unafunga chakula kila Jumatano pamoja na kina mama, na kwamba umeshaagiza mizizi kutoka Kaimosi ya kunitumia, nilikujibu tu haya, Mama, haya. Ulidhani nimelia. Sikulia, Mama. Nilikaa kitandani nimeshika simu, nikisikia mjomba akiniambia nijikaze kiume, na sikujua nianzie wapi.

Siku iliyofuata Griffins mwenyewe akanimaliza. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni. Akaniambia, "Eli, wacha kujificha, bro, wewe pia uko sick." Akasema amemwagiza Joan aniwekee miadi na daktari wake wa figo tarehe ishirini na mbili, na kwamba atakuja nami mwenyewe, hata kama itabidi aje na mto wake, kwa sababu anajua jinsi mtu anavyoogopa kukaa peke yake akisubiri majibu. Mtu ana nyuzi tumboni, ana dripu mkononi, bado hajaweza kuinuka bila kushikwa, naye anapanga kunisindikiza mimi kwa daktari. Akaniambia kwamba kama zangu zitakufa, atazunguka makanisa yote ya Minnesota hadi apate mtu wa kunipa.

Nimefika kwenye jambo lenyewe, Mama. Sijui kuliandika kwa njia nzuri, naliandika tu.

Hospitali haikunikataa. Vipimo vyangu vyote vilitoka safi. Nilichukuliwa damu chupa kumi na nne, nikakusanya mkojo wa siku nzima ndani ya dumu na kuuweka kwenye friji karibu na maziwa, nikapigwa picha tumbo zima, nikahojiwa na daktari wa akili, na mwishowe wakaniambia kwamba ni nadra kupata figo inayolingana na mgonjwa namna ile bila kuwa ndugu wa damu. Agosti mwaka jana mratibu wao alinipigia simu anipe tarehe. Nilikuwa Richfield nje ya duka la matairi, nimekaa garini nakula viazi. Alinitajia tarehe mbili nichague. Nikamwambia nataka kuacha.

Hakunikasirikia. Alisema ni haki yangu, kwamba sihitaji kutoa sababu, na kwamba wao hawamwambii mgonjwa ila kwamba mtu huyu hawezi kuwa mtoaji. Akasema ndivyo wanavyofanya kwa kila mtu, ili pasiwe na lawama kati ya ndugu. Akanitakia siku njema. Nikamaliza viazi. Mama, laiti angenidai sababu, nadhani ningeikosa, na ningetoa figo.

Kwa sababu sababu sina. Nimeitafuta miezi minane. Nimejaribu kujiambia ni woga wa kisu, lakini unanijua, mimi siogopi damu wala vidonda, ndiyo kazi inayonilisha. Nimejaribu kukulaumu wewe. Unakumbuka Mama Griffins alipokujia analia, nawe ukamwambia asilie, Eliakim yupo, atatoa? Uliniambia baadaye kama habari iliyokwisha. Hukuniuliza. Griffins naye hakuniuliza hata siku moja, wala Joan, wala kanisa, lilikuwa jambo linalojulikana tu. Daktari wa akili peke yake ndiye aliyeniuliza kama nataka, nami nikamjibu ndiyo haraka sana, halafu swali lile likanifuata hadi nyumbani. Lakini hata hilo si sababu, Mama. Mtu hamwachi rafiki yake afe kwa kukosa kuulizwa.

Nyakati nyingine nafikiri ni kwa sababu Griffins alinipa kila kitu. Alinialika huku, akanilaza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake miaka miwili, akanifundisha ku-drive kwenye theluji, akanitafutia kazi. Hata Chavakali nilikuwa Eliakim wa Griffins. Huenda nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho ni changu na hakimhusu, na kilichobaki kilikuwa hicho. Nikiandika hivi najiona mwovu, na kesho nikisoma tena huenda nikaona si kweli. Nampenda, Mama. Nakuapia nampenda. Siku Euphrasie alipokubaliwa nilipiga magoti jikoni nikamshukuru Mungu, na sikujua nashukuru kwa ajili ya Griffins au kwa ajili yangu.

Na kibaya zaidi ni kwamba nilipokea pole. Agosti ile ile, Griffins alipopata habari, alinipigia simu kunifariji. Alidhani nimevunjika moyo. Akaniambia nisijilaumu, nilijaribu, Mungu ameona. Nikamjibu asante. Nimesema asante hiyo tangu siku ile hadi Jumatatu hii.

Jana nilimwambia. Sikuweza kungoja tarehe ishirini na mbili, nikae na yeye mlangoni kwa daktari nikisubiri majibu ambayo ninayo. Nilimngoja Joan aondoke. Nilifunga mlango, nikabaki nimesimama, nikamwambia kwamba figo zangu ni nzima zote mbili, kwamba niliitwa nipewe tarehe nikakataa, na kwamba sijui kwa nini. Nilisema kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kiingereza, kana kwamba hakusikia mara ya kwanza. Alikuwa amesikia. Alitazama dirishani. Kule chini mtu alikuwa akisafisha kioo cha gari lake, na sote wawili tukamtazama hadi akamaliza.

Mwishowe Griffins aliniuliza saa. Nilimwambia ni saa kumi kasorobo. Akasema ni saa ya kutembea. Nikamwinua, nikamfunga gauni, akashika nguzo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, tukaenda. Aliniegemea kwa uzito wake wote, zaidi ya siku nyingine, hadi bega likaniuma, na tulipofika mwisho wa korido hakutaka kurudi, akanivuta tuzunguke tena. Nesi alitupigia makofi. Nilimrudisha kitandani, nikampa mto. Akafumba macho. Nilipomwambia naenda, akasema sawa.

Ile sawa nimeibeba tangu jana. Sijui kama amenisamehe au alihitaji tu mtu wa kumshika. Wewe umemjua tangu akiwa mtoto anayekuja kwetu kula uji. Ukiielewa sawa yake, niandikie.

Leo asubuhi Joan amenipigia. Anasema Griffins anaruhusiwa kesho, na kwamba gari lao ni la chini sana kwa mtu mwenye mshono, je, naweza kuja na langu tumpeleke Blaine kama tulivyopanga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Huenda Griffins hajamwambia. Huenda amemwambia, naye ameamua kwamba gari ni gari. Sikuthubutu kumuuliza. Nimemwambia nitakuwa mlangoni saa nne.

Kwako nina ombi. Usifunge tena Jumatano kwa ajili yangu, waambie kina mama wale chakula chao. Mizizi ya Kaimosi mpe mwenye shida nayo. Na ukishamaliza kunikasirikia, vuka uzio uende kwa Mama Griffins, umwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa simu. Najua ninakutwisha mzigo mzito. Ulimwahidi kwa kinywa changu, na sasa nakuomba umwambie kwa kinywa chako kwamba mwanao alikataa. Akikufukuza, nisamehe. Akikukaribisha ndani, mkae, mwambie Griffins anakojoa vizuri sana.

Msalimie Alice na watoto wake, na mjomba, mwambie nimejikaza ila si kwa jambo alilodhani. Msalimie mwalimu wa kwaya. Mungu alitunze goti lako na mahindi yako.

Kesho saa nne nitakuwa pale nje na injini inawaka ili ndani kuwe na joto. Kiti cha mbele nimekirudisha nyuma kabisa apate nafasi. Kama atakaa mbele karibu nami, au ataomba akae nyuma na Joan, sitajua hadi mlango ufunguliwe.

Ni mimi mwanao,
Eliakim